Akili za Fahali na Koleo Langu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: koti la khaki lililonipwaya, gambuti ambazo mguu mmoja ulikuwa namba nane na mwingine namba tisa, na koleo la kuhasia. Afisa Mifugo wa Tarafa pale Kapsoit alikuwa mtu mfupi aliyependa kuongea akiwa amesimama kwenye ngazi ya ofisi ili atuzidi kimo. Aliniwekea lile koleo mikononi akasema, "Kijana, koti litachakaa na gambuti zitatoboka, hiyo serikali inaelewa. Lakini koleo hili utalirudisha siku ya kustaafu likiwa bado linafunga. Ukilipoteza usije hapa kunieleza. Panda gari uende kwenu ziwani."

Kwetu ziwani nilikuwa nimefika mara nne tu. Mimi Zablon ni mtoto wa laini. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa karibu na mji wa Kericho, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo makabila yote tuligombana na kuombana chumvi kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha chuo cha mifugo mfukoni, na sikuwahi kumshika fahali ambaye hakuwa amefungwa na watu sita.

Ninyi vijana hamlijui koleo hili, basi nieleze. Ni chuma kizito chenye mishikio miwili mirefu na mdomo mpana usio na makali. Halikati ngozi. Linabana zile kamba mbili zinazopeleka damu kwenye korodani, kila upande kwa zamu yake, mpaka zinakatika ndani kwa ndani. Korodani zikikosa damu zinasinyaa, na baada ya wiki kadhaa fahali anakuwa maksai: mpole, mnene, wa kuvuta jembe na mkokoteni. Kanuni ni kubana, kuhesabu hadi kumi na tano, halafu kuachilia. Afisa alinisimamia mara ya kwanza nikahesabu mbio mbio kwa hofu. "Polepole!" akafoka kutoka nyuma ya ua. "Wewe ndiye wa kuhesabu polepole. Anayehesabu haraka ni huyo fahali!"

Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na jina jipya, Bwana Koleo. Nikiingia kwenye hoteli ya chai pale Kapsoit, wanaume waliokuwa wameketi kwa raha zao walikuwa wanakunja miguu. Wengine waliomba msamaha kwa makosa nisiyoyajua. Nilipata kiti kila siku.

Sasa niseme kwa nini naandika mambo haya mwaka huu na siyo mwaka ujao. Daktari wa hospitali moja mjini Kericho ameniambia nina saratani ya tezi dume, na dawa yake ni sindano ya kuzima homoni ya kiume mwilini. Nilimwuliza sindano hiyo itanifanya nini kichwani. Akasema kuna wanaoanza kusahausahau. Jamani, mimi sina ng'ombe wengi wala chai ya ekari kumi. Nilichonacho ni kumbukumbu. Nikienda kwenye mazishi au harusi watu wananisogezea kiti wakisema, "Hebu tuambie ile ya fahali." Mkininyima hiyo, nitabaki nani? Nimemwomba Daktari anipe muda, na nimekaa chini kuandika kabla sijaamua kama nitakwenda au nitaliacha gonjwa lifanye litakalo.

Kapsoit nilikaa miaka miwili. Kisha nikahamishiwa Litein, chini ya Daktari wa Mifugo wa Wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Daktari. Huyu hakuhitaji ngazi, alikuwa mrefu mwenyewe. Alikuwa na ubao mweusi ofisini na chaki za rangi tatu, na ukimwuliza hata mahali choo kilipo alikuchorea. Alikuja na amri moja kali: ndume wote wa kienyeji wahasiwe, wasiendelee kupanda ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wenye damu ya kizungu, na kuharibu uzao. Kila Jumatano na Alhamisi nilizunguka vijijini kwa baiskeli, koleo limefungwa nyuma kwa mpira, na njia nzima nilisikia watu wakihamisha mafahali migombani.

Kulikuwa na desturi huko ambayo vitabu vyetu vya chuo havikuijua. Sisi tulifundishwa kuhasi ndama akiwa mdogo, akue akiwa mpole. Wenyeji walisema hapana. Mfundishe kwanza nira, mkokoteni na njia zote akiwa bado dume, ndipo umhasi, kwa sababu akili yake ya kujifunza iko kule kule. Ukiwahi kubana, utabaki na ng'ombe anayekula vizuri na asiyejua kulia wala kushoto. Niliwacheka moyoni. Nilikuwa na cheti.

Mzee Arap Koech, mkulima wa chai kilomita chache kutoka Litein, alikuwa na fahali mweusi mwenye paji jeupe aliyeitwa Meneja, kwa sababu, mzee alisema, alitembea polepole na kuangalia kazi za wengine. Fahali huyo alikuwa na sifa wilaya nzima. Siku za kuchuma, familia ilijaza magunia ya majani mabichi kwenye mkokoteni, ikamfunga nira, ikampiga kofi la mgongo na kurudi kuchuma. Meneja alikwenda peke yake, kilomita mbili na nusu, mpaka kituo cha kununulia majani. Karani alipakua, akapima, akageuza mkokoteni, na Meneja akarudi nyumbani bila mtu. Watu walitoka mbali kuja kumtazama akipita. Kwa vile alikuwa ameshajifunza kila kitu, mzee hakukataa nilipofika na koleo. Alisema tu, "Fanya. Elimu ameshapata." Nikabana, nikahesabu polepole, nikapewa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, nikaenda zangu.

Baada ya wiki sita Mzee Arap Koech aliingia ofisini Litein amevaa koti la kanisani, na haikuwa Jumapili. Nyuma yake alikuwa binti yake Esther, amebeba gunia la majani ya chai yaliyogeuka rangi ya tumbaku. Akalimwaga juu ya meza ya Bwana Daktari.

"Nani anaitwa Koleo?" mzee akauliza, ingawa alinijua vizuri.

"Ni mimi, mzee."

"Umenirudishia ng'ombe bila akili. Nimekuja kuchukua akili yake."

Kumbe Meneja alikuwa amesahau njia. Akifika kwenye njia panda pale penye mikaratusi, mahali ambapo alizoea kukata kona ya juu bila kuambiwa, alisimama. Alisimama hapo na majani mkokotenini mpaka jua likayachoma, kisha akageuka akarudi nyumbani kulala. Mara nne mfululizo. Kituoni hawapokei majani yaliyoungua, na familia nzima ilikula kutokana na majani hayo.

"Mzee wangu," Bwana Daktari akasema kwa upole, "akili ya ng'ombe haiko pale palipobanwa."

"Mimi sikusoma," mzee akajibu. "Lakini kabla hajabanwa alikuwa nayo. Amebanwa, hana. Wewe uliyesoma niambie hapo katikati kilitolewa nini."

Bwana Daktari akachukua chaki, na hapo ndipo alipoharibu. Alichora kichwa cha ng'ombe, akachora korodani, akaziunganisha kwa mstari mwekundu. Akaeleza kwamba korodani hutengeneza homoni, na homoni ni mjumbe: inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima, inajenga misuli na shingo nene, na inapanda mpaka kwenye ubongo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iliyojikunja inayotunza habari za njia na mahali. Mjumbe huyo hubisha hodi hata hapo. Alikuwa anaeleza vizuri mno, akisahau yuko upande gani wa kesi.

Mzee Arap Koech akasogea ubaoni, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu. "Kwa hivyo ni kweli. Mmemkata mjumbe."

Bwana Daktari akabaki na chaki hewani. Akaniangalia mimi. "Zablon, kesho asubuhi utaenda kwa mzee ukamfundishe fahali upya. Na usirudi hapa mpaka ajue njia."

"Yeye ni maksai sasa, Bwana Daktari."

"Usinisahihishe! Nenda!"

Basi nikawa mwalimu wa ng'ombe. Kila siku ya kuchuma nilivuta kamba mbele, Esther akichapa nyuma kwa fimbo ya mti, na Meneja katikati akitufikiria. Tukifika njia panda anasimama. Ninavuta. Anasimama. Ninamwonyesha kona kwa mkono, kana kwamba ataona. Wachumaji waliosambaa kwenye chai walipiga vigelegele. "Koleo amepata mwanafunzi!" walipaza sauti. "Mwulize amepata ngapi kwenye mtihani!" Esther alicheka mpaka akakalia ukingo wa barabara. "Bwana Koleo," akaniuliza, "hapo wewe unamvuta au yeye anakuvuta?"

Kusema kweli nilianza kuipenda ile njia. Siku ya tatu nilinyoa ndevu kabla ya kwenda kufundisha ng'ombe. Siku ya tano nikapiga gambuti rangi. Esther alikuwa na macho ya kumwona mtu mpaka mfukoni, na alipoongea na Meneja kwa Kikipsigis, sauti ya chini chini, nilikuwa natamani nami nifungwe nira.

Siku ya kumi na mbili ndiyo siku ninayoisimulia kwenye mazishi na harusi. Tulifika njia panda, Meneja akasimama kama kawaida yake. Nikachoka na elimu. Nikamwambia Esther, "Tuachilie kamba. Hebu tuone yeye mwenyewe anataka kwenda wapi." Tukaachilia. Meneja akatikisa masikio, akatafakari, halafu akashika kona ya chini, siyo ya juu, akaenda moja kwa moja bila kusitasita, akavuka kijito, akapanda, akaingia uani kwa mashine ya kusagia posho na kusimama mdomo ukielekea kwenye dirisha la pumba. Esther akashika kiuno. "Alikuja hapa mara moja tu," akasema. "Kiangazi cha mwaka jana. Alipewa pumba debe zima."

Mara moja tu, na miezi mingi imepita, na korodani hana! Nikajipiga paji la uso. Huyu hakuwa amesahau kitu. Tukarudi njia panda, tukamlazimisha kona ya juu, na hapo nikatazama kilichokuwa kando ya barabara. Lilikuwa boma la jirani tuliyemwita Mwalimu, lenye ua wa miti, na nyuma ya ua mitamba wanne wa gredi, safi, wamenona. Zamani Meneja hakuwa akipeleka majani ya chai kituoni. Alikuwa akienda kuwasalimia wasichana, na kituo kilikuwa mbele kidogo tu. Sasa alipita pale bila hata kuinua kichwa. Njia ilikuwa bado ubongoni mwake, kila kona na kila jiwe. Sababu ya kuipita ndiyo iliyokuwa imesinyaa.

Tiba ilikuwa nyepesi. Tuliweka kopo la pumba kituoni kwa karani, na baada ya siku nne Meneja akawa anakata kona ya juu mwenyewe, haraka kuliko zamani, bila kupoteza muda uani kwa Mwalimu. Nikamweleza Bwana Daktari. Akachora upya ubao wote: mjumbe huyu hafanyi kazi moja, akasema, huenda anasaidia kukumbuka, lakini pia ndiye anayeleta hamu, na ukimwona mnyama hafanyi jambo, uulize kwanza kama amesahau au hataki tu. Miaka yote iliyofuata nilikumbuka somo hilo kila mkulima aliponiambia ng'ombe wake ni mjinga.

Nilipomaliza kazi ya Meneja sikuwa na sababu ya kwenda kwa Mzee Arap Koech, na nikaendelea kwenda. Mzee aliliona hilo mapema kuliko mimi. Siku nilipokuja na wazee wa kwetu kuzungumza habari za Esther, alitusimamisha mlangoni. "Karibuni wote," akasema. "Lakini lile koleo libaki nje kwenye baiskeli. Nina wana watatu humu ndani." Wazee wangu kutoka ziwani hawakuelewa mpaka nikawatafsiria, kisha wakacheka, na baada ya kicheko hicho mambo mengine yalikwenda vizuri.

Kutoka Litein nilipelekwa Bomet, ambako Esther alimzaa binti yetu Akinyi, nikakaa miaka tisa, nikapanda cheo nikawa Msaidizi Mwandamizi wa Mifugo, maana yake nilipewa pikipiki na lawama zaidi. Mwisho nikarudi Kericho makao makuu, ambako wakubwa walibadilika haraka kuliko kalenda ukutani. Mmoja alipenda mikutano, mwingine alipenda ripoti, wa tatu alipenda kwao na tulimwona mwisho wa mwezi. Siku ya kustaafu nilirudisha koleo. Karani wa stoo, msichana wa juzi juzi, alilifungua na kulifunga, akaniuliza ni la kukatia bomba gani. Nikamwambia ni la mabomba ya zamani.

Basi ndiyo hii saratani. Nilianza kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo, Esther akanisukuma hospitali, wakapima damu, wakakata kinyama, wakaniita. Daktari ni binti mdogo wa Bomet mwenye miwani, na ana adabu. Alituketisha mimi na mke wangu akaeleza kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na sindano itaambia mwili uache kuitengeneza.

"Kwa hivyo mnanihasi," nikasema.

"Tunaita matibabu ya kuzuia homoni, mzee."

"Binti yangu, nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na tatu. Iite jina lake."

Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha. Ndipo nikamwuliza habari za kichwa. Hakunidanganya. Alisema homoni hiyo inafika kwenye ubongo, inasaidia seli kushikana, hasa pale panapotunzwa kumbukumbu, na kwamba sehemu yake hugeuzwa humo humo ubongoni ikawa homoni ya kike.

"Ati ya kike?"

"Ya kike, mzee. Umekuwa nayo maisha yako yote."

Nikamwangalia mke wangu kuona kama amesikia. Alikuwa amesikia.

Daktari akaendelea kwamba wanaume wengine wakidungwa hulalamika kwamba majina yanawatoka au wanapoteza mahali walipoweka vitu, na wengine hawaoni tofauti yoyote, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Uchovu, uzee na wasiwasi navyo vinaingia humo, huwezi kujua kipi ni kipi. "Na usidhani nyingi ndiyo akili," akasema. "Ikizidi nayo haifundishi mtu. Ingekuwa hivyo, vijana wa boda pale stendi ya Litein wangekuwa maprofesa." Lilikuwa neno zuri, lakini mimi nilikuwa nimeshaganda. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kusahau kuliko nilivyoogopa kufa. Nikaomba wiki mbili, zikawa miezi miwili. Esther alikuwa akinipikia, ananitazama, anaondoka chumbani.

Juzi nilimaliza kuandika mpaka mahali pa Meneja. Nikamwita Esther barazani, mchana, akaacha kuchambua mboga akaja, nikamsomea kwa sauti. Alicheka kwenye gambuti. Alicheka kwa baba yake na kidole ubaoni, akafuta machozi. Nilipofika siku ya kumi na mbili akaacha kucheka.

"Baba Akinyi, soma tena hapo."

Nikasoma tena: nikachoka, nikamwambia Esther tuachilie kamba.

"Hukusema hivyo."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, 'Nimechoka, tumrudishe nyumbani.' Mimi ndiye niliyesema tuachilie kamba. Na ile habari ya mitamba wa Mwalimu nilikuambia siku ya pili. Siku ya pili! Nilikuambia huyu anafuata mitamba, na sasa hana haja nao, tumtafutie pumba. Ukasema, 'Ndiyo, ndiyo.' Ulikuwa hunisikilizi. Ulikuwa unaniangalia tu."

"Mama Akinyi, wewe umesahau. Mimi nakumbuka nilijipiga paji la uso."

"Ulijipiga kwa sababu ya nzi."

Nikabisha. Nikabisha sana, mpaka jirani akachungulia. Lakini nikibisha hivyo nilikuwa najaribu kuiona ile siku, na jamani, sikuiona. Niliona maneno yangu mwenyewe, yale ninayoyasema mazishini, yamepangwa vizuri. Uso wa Esther akisema tuachilie kamba sikuuona popote. Nilikuwa nimeusimulia mpaka nikaufuta.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri. Watu wanacheka. Baba alikuwa anacheka. Ningekuharibia kwa nini?" Akachukua bakuli lake la mboga, kisha akaliweka tena chini, na sauti ikambadilika. "Lakini nikuulize kitu kimoja. Siku zile ulikuwa kijana wa miaka ishirini na tano. Homoni zilikujaa mpaka kwenye masikio. Mbona hukukumbuka?"

Nikapekua karatasi zangu kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Sasa unakaa hapa miezi miwili unalinda kitu ambacho hata wakati huo hukuwa nacho," akasema, na hapo akaanza kulia, Esther ambaye sikumwona akilia hata siku tulipomzika baba yake. "Unataka nibaki na hadithi ya ng'ombe, peke yangu? Nitamsimulia nani? Wewe sahau! Sahau jina langu ukitaka, nitakuambia kila asubuhi. Lakini nenda ukadungwe."

Nililia nami. Wanaume wa rika langu hawaandiki hivyo, lakini naandika.

Jana tulikwenda hospitali Kericho. Muuguzi, kijana mwenye haraka, alikuwa na fomu mkononi na akasema mama angoje nje kwenye benchi. Esther akasimama mlangoni, hakutoka wala hakuingia. Kijana akaanza kuniuliza maswali. Nikajibu umri. Nikajibu dawa za presha. Akauliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kunidhuru, nikasema kwa sauti ya mtu mzima asiye na shida, "Hakuna. Hata moja."

"Ipo," Esther akasema kutoka mlangoni. "Penisilini. Tukiwa Bomet, Akinyi akiwa ananyonya. Ulivimba uso mpaka macho yakafunga, tukakubeba kwa gari la maziwa."

Nikageuka kumtazama. Gari la maziwa! Naapa sikuwa na habari hata kidogo. Kijana wa watu akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akafuta alichokuwa ameandika. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na meza.

"Mama, karibu ukae hapa," akasema, akamgeuzia fomu yote. "Tuanze tena kutoka juu."

Esther akakaa, akaweka mkoba mapajani, akaanza kujibu: upasuaji, malaria, ule mguu, yote kwa mwaka na mahali. Mimi nikavua koti, nikainua shati kungoja sindano, nikamsikiliza.